Asilimia 60 Haikuwa Yake

Nilimpotosha kijana aliyeniamini, na ninaungama.

Nilikuwa mshauri nasaha katika kampeni ya tohara ya hiari Kisumu. Serikali iliianzisha mwaka 2008, baada ya majaribio matatu, Orange Farm huko Afrika Kusini, Rakai nchini Uganda na hapa hapa Kisumu, kuonyesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 60. Takwimu hiyo niliitaja kila mara.

Kijana huyo alikuja kuangaliwa kidonda. Kilikuwa kinapona vizuri. Nikamsisitizia asishiriki ngono hadi wiki 6 ziishe. Kwenye fomu niliweka alama penye "mpenzi wa kike" bila kumuuliza wala kuinua macho.

"Daktari, hii kinga ni kwa mtu yeyote nitakayekuwa naye?"

"Ndiyo, asilimia sitini. Ila usiache kondomu."

Alilitamka lile "yeyote" taratibu. Nililisikia, nikalipita.

Aliporudi baadaye kupimwa, alikutwa na virusi. Ndipo aliponiambia kwamba wapenzi wake ni wanaume, kwamba yeye ndiye huingiliwa, na kwamba kondomu aliziacha kwa kutegemea tohara.

Majaribio yale yalihusu maambukizi kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Tohara huondoa govi, na ngozi yake laini ya ndani ndipo virusi hupenya kwa urahisi. Mwanamume anayeingiza huenda ikamsaidia kwa kiasi. Anayeingiliwa hupata virusi kupitia utando wa njia ya haja kubwa, na huko tohara yake haimlindi. Kinachomlinda ni kondomu pamoja na vilainishi vya maji, vidonge vya PrEP vya kuzuia maambukizi, na mwenzake mwenye virusi kumeza dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo.

Hayo yote niliyajua. Niliogopa jibu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatishia wanaume wanaofanya ngono na wanaume kifungo cha hadi miaka 14, nikajiambia kwamba kutouliza ni kumsitiri. Niliyemsitiri ni mimi mwenyewe.

Washauri wenzangu, fungeni mlango, kisha muulizeni kila mwanamume kwa sauti ile ile: unashiriki ngono na wanawake, na wanaume, au na wote? Mpeni ushauri unaomhusu yeye.

Nawe, ndugu yangu, ulistahili kuulizwa. Nisamehe.