Utani wa Traksuti Nyekundu

Mwaka 2005, wanamuziki wawili wa mji wa Bergen, Norwei, Fredrik Saroea na Ketil Mosnes, walitoa albamu yao ya kwanza kupitia lebo yao wenyewe. Kundi lao linaitwa Datarock. Kwa Kinorwei, "data" ni neno la kawaida la mambo ya kompyuta, kwa hiyo jina hilo ni kama kusema roki ya kompyuta. Albamu nayo wakaiita Datarock Datarock. Jukwaani walivaa traksuti nyekundu zenye kofia, zipu imefungwa mpaka shingoni, utadhani walimu wa michezo waliopotea njia wakaingia disko.

Bergen ya miaka ile ilikuwa na sifa nyingine. Mwaka 2001 mji huo ulikuwa umetoa Kings of Convenience, waliokuwa wakiimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto, na Röyksopp, wenye muziki wa elektroniki wa taratibu, wa kusikiliza huku mvua ikinyesha. Na mvua Bergen hainyeshi kidogo. Kisha wakaja hawa wawili na utani wao.

Walinifikia kupitia FIFA 08. Wimbo wao "Fa-Fa-Fa" ulikuwa kwenye orodha ya nyimbo za gemu hilo. Kwenye banda la gemu la mtaani kwetu Dar es Salaam, mechi moja shilingi 200, nyimbo hizo zilipigwa wakati watu wanabishana nani achukue timu gani. Jina la kundi hakuna aliyejali. Lakini gitaa lile likianza, waliokaa kwenye benchi wakisubiri pedi walitikisa mabega bila kuambiwa.

Baadaye nilielewa kwa nini halikutusumbua masikio. Jina la wimbo linakumbusha kiitikio cha "Psycho Killer", wimbo wa 1977 wa Talking Heads wa New York. Datarock hawafichi kwamba hao ni walimu wao. Mwaka 2009 walitunga wimbo mzima kwa kuunganisha majina ya nyimbo za Talking Heads. Nao Talking Heads, walipokuwa wakitengeneza albamu yao ya 1980, Remain in Light, walikuwa wakimsikiliza sana Fela Kuti. Kwa hiyo mdundo ule ulikuwa umetoka Lagos, ukapita New York, ukalowa mvua ya Bergen, ndipo ukatufikia sisi ndani ya diski ya gemu.

Albamu nzima ni mzaha. Kuna wimbo ambamo baiskeli ya BMX inasifiwa kwa uzito ambao waimbaji wengine huwawekea wapenzi wao. Kuna "Computer Camp Love", unaofuata mtindo wa majibizano wa "Summer Nights" kutoka filamu ya Grease ya 1978: marafiki wanamdadisi mwenzao habari za penzi la likizo. Tofauti ni kwamba penzi hili limeanzia kambi ya kompyuta. Mimi niliyesoma kompyuta, nikaitwa mtaani "fundi wa kuwasha na kuzima", nilicheka kwa namna yangu.

Ila sikiliza vyombo. Besi haikosei, ngoma zimekazwa, gitaa linaingia na kutoka kwa wakati wake. Kama wangepiga ovyo, mzaha ungechosha kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Wanajicheka wao, muziki hawauchezei.

Kwetu jambo hilo lina jina: utani. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Alipofariki, watani walifika msibani mapema kuliko baadhi ya ndugu. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliomba koti la marehemu, akalivaa, akaanza kutembea kama baba: mkono mmoja mfukoni, kichwa kimeinama upande, akikohoa kabla ya kila salamu. Kisha akacheza dansi kama alivyocheza baba Jumamosi jioni sebuleni, magoti yamekunjwa, viwiko vimebana mbavuni. Mama, aliyekuwa hajala kwa siku mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akaomba uji.

Mtani yule hakuwa amekuja kupunguza uzito wa msiba. Kumwiga mtu kiasi kile kunataka uwe umemtazama kwa miaka, tena kwa upendo. Na siku hiyo hiyo ndiye aliyeshika jembe makaburini, na hakumpokeza mtu mpaka kazi ilipoisha.

Miezi kadhaa baadaye nilitafuta Datarock Datarock nzima, ambayo mpaka wakati huo nilikuwa naijua kwa wimbo mmoja wa gemu. Nikakutana na wimbo unaoitwa "I Used to Dance with My Daddy", yaani zamani nilikuwa nikicheza na baba. Nilibaki nalitazama jina hilo kwenye skrini kabla sijabonyeza. Nilitegemea nitalia. Badala yake besi iliingia, na kabla sijajua, nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, magoti yamekunjwa, viwiko vimebana mbavuni.

Watu wengi huwataja Datarock kama kichekesho cha watu wawili waliovaa traksuti. Ni sawa. Mimi huwahesabu miongoni mwa watani: mtani hukuchekesha, kisha hushika jembe.