Daftari la Makosa

Nilimkata binti wa watu mshahara kwa makosa yaliyokuwa yangu. Nianzie hapo, nisije nikajipamba.

Nina kiduka cha stesheneri Dar es Salaam: fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti. Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipokolea, nilinunua jenereta ndogo ya petroli. Pa kuiweka ndipo palipokuwa na kazi. Ukiiacha mbele inaibwa, ukiisogeza mbali waya haufiki, kwa hiyo niliifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la nyuma, na nikajiona mjanja. Ndani ya dirisha hilo, hatua mbili tu, ndipo alipokaa mchapaji.

"Bosi, kichwa kinaniuma," aliniambia zaidi ya mara moja. Nilimpa vidonge. Alipoanza kukosea, mara jina la bwana harusi kwenye kadi, mara kurasa mbili zimerukwa, nilimwambia apunguze simu usiku. Kisha nikafungua daftari. Kila kosa na tarehe yake, kila tarehe na fedha niliyokata. Nilidhani huo ndio usimamizi.

Siku aliyoomba ruhusa ya msiba nilikalia kiti chake mwenyewe. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimechapa mkataba wa kiwanja cha milioni moja na nusu, nikaandika milioni kumi na tano. Mteja alicheka. Kichwa changu kilikuwa kizito kama nimebebeshwa ndoo. Nikatoka barabarani kupunga upepo, kikatulia. Nikarudi ndani, kikaanza tena. Ndipo nikautazama ukuta juu ya dirisha: mweusi, kama wa jiko la kuni.

Nikaizima jenereta. Katika kile kimya nikalitoa daftari, nikalilinganisha na risiti zangu za petroli. Makosa 11. Yote yameangukia siku za mgao.

Nilijua moshi ni adui wa mapafu. Kichwa sikukihesabu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikizidi, mtu hulala asiamke. Sisi iliishia kutuumiza vichwa. Halafu kuna chembe za moshi wenyewe, zile zisizofika mikromita 2.5: nyingine hupenya hadi kwenye damu, nyingine hupanda kwa neva ya kunusia mpaka ubongoni, na seli za ulinzi za humo, mikroglia, zikishinda vitani siku baada ya siku huanza kuziumiza seli jirani. Mwaka 2023 watafiti wa Canada walichapisha jaribio lao: watu wazima 25 wenye afya walivuta moshi wa dizeli uliozimuliwa kwa saa 2, na picha za ubongo zikaonyesha mawasiliano kati ya sehemu zake yamelegea kwa muda. Saa 2. Binti yule alishinda dirishani kutwa nzima, na moshi wangu haukuzimuliwa na mtu.

Huenda makosa mawili matatu yalikuwa yake kweli. Siwezi kujua, kwa sababu sikuuliza. Ukipita mtaani kwetu umeme ukikatika utakuta jenereta kama yangu mlangoni kwa kinyozi na kwa fundi cherehani. Tofauti yetu ni kwamba wao hawakuandika daftari.

Baada ya msiba hakurudi. Alipata kazi kwenye duka la nguo. Nilijumlisha makato yote, shilingi 58,000, nikamtumia kwa simu pamoja na maelezo marefu ya oksijeni na chembe, nikajisikia mwepesi. Jibu lilikuja jioni: "Asante bosi, zimefika. Jenereta umeshaihamisha?"

Sikuwa nimeihamisha. Nilikuwa nangoja kununua waya mrefu, nao haukuwa ghali kiasi hicho. Kijana mpya alikuwa kwenye kiti kile kile anachapa, dirisha nimelirudishia nusu kupunguza kelele.