Mabenchi ya Mama, Ujiji 1996

Mpaka mwishoni mwa miaka ya tisini nyumba yetu ya Ujiji, Kigoma, haikuwa na kochi. Tulikuwa na mabenchi manne ya mkurungu, aliyoyaunda fundi mmoja wa mitumbwi kabla sijazaliwa. Mbao zake zilikuwa nyekundu, miguu imechomekwa kwenye matundu bila msumari, na ukingo wa mbele umelainika kwa kukaliwa. Moja lilikuwa na doa la mawese ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa majivu.

Asubuhi mama aliliweka la doa barazani, akapanga juu yake mabeseni ya dagaa wa kuuza. Jioni wazee walilihamishia chini ya mwembe wakinywa kahawa. Akishuka mgeni wa treni ya Tabora, mawili yaliunganishwa sebuleni, godoro likatandikwa. Ujiji imezoea kukaribisha hivyo. Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871, alikaribishwa kwenye kibaraza cha udongo kilichotandikwa mkeka na ngozi ya mbuzi.

Lakini thamani ya mabenchi yale niliiona mwaka 1996. Mji wa Uvira, upande wa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi mwishoni mwa Oktoba, watu walianza kuvuka Ziwa Tanganyika kwa boti na mitumbwi, wengine wamelowa mpaka vitenge walivyojifunga. Mama alikuwa na ndugu ng'ambo. Usiku mmoja wa mvua aliingia binamu yake na watoto watatu, mdogo kabisa yuko mgongoni.

“Dada, usijisumbue, tutalala chini.”

“Sakafu ina baridi, mdogo wangu. Wapandishe watoto.”

Tukayasogeza mabenchi matatu ukutani, yakashikana. La nne mama akalilaza ubavu juu ya yale mengine, upande wa nje, akalifunga kwa kamba ya katani ili mtoto asianguke. Hatukununua kitu wala kuazima. Alfajiri kamba ikafunguliwa, godoro likaviringishwa, na majirani waliokuja kutoa pole wakapata pa kukaa, kwenye mbao zilezile ambazo watoto walikuwa wamelalia. Ilikuwa hivyo kila siku, mpaka wageni wetu walipopakiwa kwenye lori kwenda kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa Novemba ile.

Baadaye kaka alileta seti ya makochi. Mlango wa sebule ukawa haufunguki wote. Mama aliyapapasa, akashukuru, kisha akasema, “Haya ni ya kukaliwa tu.” Mabenchi yakapelekwa uani, na wageni wetu wakaanza kulala gesti. Hilo liliniuma, na bado linaniuma: nyumba ilipendeza, lakini ilipoteza nafasi ya watu.

Nilipojenga chumba na sebule Gungu, Kigoma, nilimpa fundi vipimo vyangu vya mabenchi. Urefu, mtu mzima alale akijinyoosha. Kimo, sentimita 45, lifae kwenye meza ya chakula. Upana, sentimita 40, mawili yakiunganishwa yabebe godoro la futi mbili na nusu. Chini ya moja aweke sanduku lenye mfuniko, la mashuka na vyandarua. Fundi alinionyesha picha za makochi ya pembe kwenye simu yake. Nikamwambia mimi napokea wageni, aanze na mabenchi.