Saa Tisa Mchana, Baa Tupu

Hapa Nakivale mtu akisema binti wa fulani "anacheza Mbarara", hakuna anayeuliza kama ni mpira. Wote wanajua ni kimansulo: mabinti wanacheza usiku kwenye baa, wanavua nguo kidogo kidogo, na watu wanawatunza noti.

Mimi nafanya kazi na vijana upande wa Endiinzi. Dada mmoja wa miaka 23, aliyekuwa kwenye kikundi chetu, alinipigia simu. "Kaka, njoo Jumanne mchana. Sitaki uongee. Simama tu karibu na mimi." Jumanne mchana ndipo meneja anakaa na hesabu za malipo.

Saa tisa baa ilikuwa tupu. Mlango wa nyuma uko wazi harufu ya pombe itoke, viti viko juu ya meza, mama mmoja anapiga deki. Steji yenyewe ni mbao tu na kapeti ya plastiki iliyochanika pembeni. Dada akaniambia pale palipochanika anapajua kwa mguu, hata gizani. Wenzake wawili walikuwa wanasukana nywele, sahani ya kikomando iko katikati.

Alitoa daftari la shule. Ameandika kila siku: tarehe, saa aliyoingia, kile baa ilikata. Malipo ni elfu kumi kwa usiku. Ukichelewa unakatwa elfu tano. Nguo ya kuchezea nayo unakatwa. Siku 19 hazijalipwa. Meneja alisoma polepole, akanitazama, akauliza huyu ni nani.

"Ni kaka yangu."

Akalipa siku 12. Saba akasema wiki ijayo. Kabla hatujatoka, dada alishatuma elfu themanini kwa mama yake kwa simu.

Hizo pesa zina kazi. Mwaka 2023 WFP ilitugawa makundi matatu: wengine asilimia 60 ya mgao, wengine 30, wengine hakuna kitu. Mama yake na wadogo zake watatu waliangukia kwenye 30. Unga unaojaza pengo unatoka kwenye ile steji, na majirani wanaomsema binti ndio wanaokwenda kukopa unga huo kwa mama.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi Uganda. Ile ya 2014 iliyoitwa ya sketi fupi, Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Lakini bila mkataba mtu anadai kwa mdomo tu, na mdomo wa mkimbizi kule mjini ni mwepesi sana, bana.

Sisemi kazi hiyo ni nzuri. Yeye mwenyewe hajasema anaipenda. Anasema ni kazi, na kazi inalipwa.

Kwenye vikao vyetu tunawaeleza mabinti hatari za mji. Ni kweli, hatari ziko. Ila wengi wako kule tayari: baa, saluni, hoteli, nyumba za watu. Basi siku hizi kila kikao naanza na daftari: andika tarehe, andika saa, andika ulichoahidiwa na nani alikuwepo. Na wewe unayesoma, binti wa jirani akikuomba usimame karibu naye mbele ya bosi, nenda. Huhitaji kusema neno.