Ukumbi Wenye Vitabu Mapajani

Yona hakusema neno. Alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Sara, mikono imelegea, macho yameelekea sakafu ya saruji ya bwalo la shule ambalo asubuhi hiyo lilikuwa limegeuzwa kuwa ukumbi wa maonyesho. Kitanda chenyewe kilikuwa meza mbili za kulia zilizounganishwa na kutandikwa leso. Mwigizaji alikuwa ameamua, baada ya kuisoma tamthilia hiyo mara nyingi, kwamba mume aliyewahi kumpiga mkewe, na ambaye sasa anamwona akidhoofika kwa maradhi, hawezi kuanza kusema mara tu anapomkaribia. Akanyamaza. Akahesabu moyoni akikusudia kufika saba. Alipofika nne, sauti ya msichana mmoja ilitoka safu ya tatu ikimtajia neno la kwanza la kauli yake. Zikafuata sauti kumi. Kisha bwalo zima, vitabu vya Bembea ya Maisha vikiwa wazi mapajani, likamkariria kauli yote hadi kituo. Halafu wakampigia makofi kwa ukarimu, kama wapigiwavyo watoto wadogo wanaosahau shairi mbele ya wageni.

Mwigizaji hakuwa amesahau chochote. Lakini angewaelezaje?

Kisa hiki cha mwaka 2024, kilichotokea katika shule moja ya wasichana ya magharibi mwa Kenya, ni kidogo kwa umbo, na waliokishuhudia walicheka wakaendelea na siku yao. Hata hivyo, ndani yake mna hali nzima ya uigizaji wa kulipwa katika lugha ya Kiswahili nchini Kenya. Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umezoea kushughulikia maudhui, wahusika, mtindo na itikadi ya mtunzi. Umeandika mengi, na mengine mazuri sana, juu ya kitabu. Ni nadra kuuliza nani anamlipa mwigizaji, na kwa sababu gani. Jibu la swali hilo, likitazamwa bila haya, ni mtihani. Mtu anayetaka kuishi kwa kuigiza kwa Kiswahili sanifu nchini Kenya huishi kwa tamthilia teule.

Utaratibu wake unajulikana na kila mwalimu wa sekondari. Msimamizi wa kundi humpigia simu mkuu wa idara ya Kiswahili, tarehe hukubaliwa, kila mwanafunzi hutozwa kiasi kidogo cha fedha, kundi hufika kwa gari la kukodi likiwa na maleba ndani ya magunia na vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kibovu. Waigizaji wanane au tisa hubeba wahusika wote, na si ajabu kumwona mtu aliyekufa katika onyesho la pili akirudi katika la tatu akiwa daktari. Mchana kundi huhamia shule nyingine. Mtihani ukifika, kazi hukatika, na wengi hurejea kwenye matangazo ya redio, ushereheshaji wa arusi, au kukaa tu. Kitabu kikiondolewa katika orodha, maonyesho yake hukoma. Maleba huuzwa au hushonwa upya.

Tangu mwanzo wa karne hii orodha hiyo imepitia Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na, baada ya hizo, Bembea ya Maisha, ambayo pia ni ya Arege. Mfuatano huu una jambo ambalo mhakiki wa kitabu hawezi kuliona kwa urahisi, ila mwigizaji aliliona mwilini mwake. Tamthilia tatu za kwanza zina mtawala dhalimu katikati: Bokono wa Butangi, Meya Sosi wa Cheneo, Majoka wa Sagamoyo. Kizazi kimoja cha waigizaji kilijifunza kazi kwa kuwa madikteta. Dikteta ni kiumbe anayefaa sana katika bwalo la chakula. Sauti yake hufika nyuma bila kipaza sauti, bakora yake huonekana kutoka mlangoni, na hata asiyeelewa neno hujua wa kumchukia. Bembea ya Maisha iliuvua uigizaji huu nguo. Ghafla jukwaa likawa nyumba, tena nyumba yenye mgonjwa. Mwanamume aliyekuwa mwalimu akaharibiwa na pombe. Mabinti waliozaliwa mahali palipotarajiwa mvulana. Mkwe, Bunju, anayehesabu kila shilingi inayotoka kwake kwenda kwa wakwe. Mambo haya hayapigiwi kelele. Yanahitaji minong'ono, kusitasita, mgongo uliogeuzwa. Yanahitaji kimya, na kimya ndicho kitu pekee ambacho bwalo lile halikuweza kukivumilia.

Wasichana wale wasilaumiwe. Karatasi ya tatu ya Kiswahili huwataka waweke dondoo katika muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Swali zima lina alama 20. Dondoo ni maneno. Hakuna mtahini awezaye kutoa dondoo la kunyamaza. Mwanafunzi aliyefunzwa hivi kwa miaka miwili huingia ukumbini akiwa na sikio la aina yake, sikio linalokagua. Husikiliza kuhakikisha kwamba kilichomo kitabuni kimesemwa, na kwa mpangilio uleule. Mwigizaji akibadilisha kiunganishi, husahihishwa. Akiongeza kicheko, walimu wawili hutazamana. Kuna ustadi wa kweli katika usikilizaji huu, na mhakiki asiudharau: ni hadhira gani nyingine duniani inayoijua tamthilia neno kwa neno kabla pazia halijafunguliwa? Tatizo ni kwamba hadhira hii haikuja kuona litakalotokea. Ilikuja kuthibitisha.

Hapo ndipo kumbukumbu ya Kamĩrĩĩthũ inapochoma. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipokuwa wakiitayarisha Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji karibu na Limuru, mazoezi yalifanywa hadharani, na waliokuja kutazama waliwasahihisha waandishi. Wazee walisema mzee hazungumzi hivyo. Wafanyakazi wa viwandani walieleza jinsi kazi inavyomla mtu. Nao walikuwa wakisahihisha jukwaa, tena kwa ukali kuliko wasichana wa bwaloni. Tofauti ni kwamba kigezo chao kilikuwa maisha waliyoyaishi, nayo maandishi ndiyo yaliyolazimika kubadilika. Serikali ilielewa upesi tofauti hiyo. Maonyesho yalianza Oktoba, leseni ikafutwa Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe, uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji, ulibomolewa.

Tamthilia hiyo ilirudi jukwaani Mei 2022, safari hii katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi, ikiongozwa na Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio. Watu walijaa. Walilipa kiingilio kwa hiari yao, bila kuulizwa swali lolote baadaye. Ngũgĩ, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, aliwahi basi kuusikia mchezo wake ukirudi nchini, akiwa mbali nao. Ilikuwa furaha, na haifai kuitia doa. Lakini msomaji wa Kiswahili hana budi kuliona jambo moja: maonyesho yalifanywa kwa lugha mbili, Kikuyu na Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilichapishwa mwaka 1982. Imekaa rafuni miongo minne. Pale ambapo mtunzi aliipigania lugha ya mama na wafadhili wakahitaji lugha ya wageni, lugha ya taifa ilibaki ikishika mkoba wa watu wawili wanaozungumza.

Ukumbi wa Kitaifa haukujengewa Kiswahili tangu hapo. Ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wa kutangazwa kwa hali ya hatari, ukakaa mikononi mwa vikundi vya Wazungu hata baada ya uhuru. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipotafuta nafasi humo kabla ya kupelekwa Lagos kwa tamasha la FESTAC, zilipewa siku chache tu kwa kuwa michezo ya kigeni ilikuwa imekwisha kutengewa wakati. Msomaji atakumbuka kwamba mgogoro huo ulipiganwa na Waafrika dhidi ya Wazungu juu ya michezo iliyoandikwa, pande zote mbili, kwa Kiingereza. Phoenix Players, waliourithi mkondo wa Donovan Maule na kuudumisha kwa zaidi ya miaka 30, walifunga ukumbi wao mwaka 2017 kwa kulemewa na malimbikizo ya kodi. Waigizaji wengi hodari wa Kenya walipikwa pale. Walipikwa kwa Kiingereza.

Kilichojaza nafasi jijini ni vichekesho. Kundi la Heartstrings limeonyesha kwa miaka mingi kwamba Mkenya wa tabaka la kati atatoka nyumbani Jumamosi, atapanga foleni na kulipa, mradi acheke. Lugha ya vichekesho hivi vya jijini ni mseto wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na mseto si dhambi. Ndivyo jiji linavyosema. Linalopaswa kuwasumbua wahakiki ni mgawanyo. Mara nyingi mwenye nyumba hupendana, hutalikiana na kufilisika kwa Kiingereza, kisha bawabu au mtumishi wa jikoni huingia na Kiswahili chake, na ukumbi huangua kicheko kabla hajamaliza sentensi. Mwigizaji yule wa Yona aliwahi kuwa bawabu wa aina hiyo kwa misimu miwili. Alisifiwa. Husema kwamba alichekwa hata pale mhusika wake alipoomba ruhusa ya kwenda kumzika mtoto.

Basi mtu huyu amepewa Viswahili viwili vya kuishi navyo. Kimoja kinachekwa na watu waliolipa kwa hiari. Kingine kinakaguliwa na watoto waliolipiwa na wazazi. Katika hivyo viwili, alichagua kinachokaguliwa, kwa sababu angalau humo mtu anaruhusiwa kufiwa.

Na hicho nacho kinatikisika. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 umepangiwa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi mwaka 2026, na katika sekondari hiyo ya juu Kiswahili kimebaki kuwa cha lazima, ilhali Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kuchagua. Kwa idara za vyuo vikuu hili limejadiliwa hasa kama suala la idadi ya wanafunzi watakaojiunga na shahada. Kwa msimamizi wa kundi ni hesabu nyepesi zaidi na ya kutisha zaidi: bwalo lililojaa litakuwa darasa moja. Wapo wanaotumaini kwamba mkondo wa sanaa, unaofunza uigizaji na filamu kama somo kamili, utazaa hadhira mpya inayojua kwamba kimya ni sehemu ya mchezo. Huenda. Lakini mkondo huo utawafunza wachache kuigiza. Bwalo, pamoja na makosa yake yote, liliwalazimisha maelfu kutazama. Kwa wengi wao huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wa kwanza maishani, na pengine wa mwisho, kuonyeshwa na watu ambao kazi yao ni hiyo.

Inafaa kukumbukwa kwamba safari za namna hii zilianzishwa na vyuo vikuu. Makerere ilikuwa na kundi lake la kusafiri katika miaka ya 1960, likicheza kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za Uganda. Nairobi ikawa na lake katika muongo uliofuata. Vijana wale walifika sokoni na shuleni na mchezo usiojulikana na yeyote, bila kudai malipo. Hakuna aliyekuwa na kitabu pajani. Wasomi wakaacha kusafiri, wakaenda kuandika miongozo ya tamthilia teule, na barabara wakawaachia wanaoishi kwa mtihani.

Baada ya onyesho la asubuhi ile, wageni walipewa chai na mkate. Mwalimu mmoja, kwa upole na heshima zote, alimwambia msimamizi kwamba kijana anayeigiza Yona ni mzuri ila anapaswa kukariri vyema, maana wanafunzi huchanganyikiwa. Msimamizi, ambaye bado alikuwa hajakabidhiwa malipo, alikubali. Njiani alimweleza mwigizaji, naye hakubishana. Alitazama nje ya dirisha hadi walipofika shule ya pili, ya wavulana. Saa nane mchana alisimama tena kando ya meza mbili zilizotandikwa leso. Mahali pa kile kimya aliweka kikohozi, kirefu, cha mtu aliyekunywa jana, akajishika kifua, akageuza uso usionekane na Sara. Kikohozi nacho hakimo kitabuni. Wavulana walingoja kiishe.