Tramu Ile Ingenirudisha Nyumbani

Mama mwenzangu, kuna majira katika ndoa ambapo mume na mke hulala kitanda kimoja, lakini kila mmoja yuko katika nchi yake. Mimi majira hayo yalinikuta Helsinki, mji mkuu wa Ufini.

Mume wangu alitangulia huko kwa masomo mwezi wa Agosti 2015. Nilimfuata Januari 2016 pamoja na mtoto wetu wa miezi minne, ambaye baba yake alikuwa bado hajamwona. Nilitazamia furaha tupu. Badala yake nilikuta giza. Jua lilichomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mume wangu alitoka gizani na kurudi gizani. Jumamosi mbili mfululizo aliahidi kututembeza mjini, na mara zote mbili akabaki na vitabu vyake. Mimi nikabaki na hasira yangu. Nilihesabu makosa yake kama mwenye duka ahesabuye madeni, nikaanza kuwaza kurudi kwetu Kigamboni.

Siku moja jirani yetu, mama wa makamo, alinieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba mzazi anayesukuma mtoto kwenye kigari halipi nauli. Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa mji ule wakati huo, katika basi, tramu, hata kivuko. Basi nikamvika mtoto nguo juu ya nguo, nikaenda kituoni.

Tramu ni treni ya umeme ipitayo barabarani pamoja na magari. Kwetu, mtaa wa Kallio, ilipita namba 3. Nikaingiza kigari kwa mlango wa katikati. Tukapita stesheni kuu ya reli, ambapo majitu manne ya mawe yamesimama mlangoni yameshika taa za mviringo. Tukazunguka kusini karibu na bahari, nayo imeganda, nyeupe kama shamba la chumvi. Tukapita soko la Kauppatori, kisha kanisa kuu jeupe lenye kuba za kijani, lililokamilika mwaka 1852. Moyo wangu ukachangamka.

Ghafla nikayaona majitu yale yale tena! Nikatazama namba ya tramu: sasa ilikuwa 2. Hofu ikaniingia, nikashuka haraka.

Nilisukuma kigari katika theluji hadi vidole vikafa ganzi. Ndipo nikaona jengo la mbao la mviringo, kama bakuli kubwa. Lilikuwa kanisa dogo la Kamppi, lililojengwa mwaka 2012 ili watu waingie kukaa kimya. Niliketi, nikaomba, lakini sala yangu ilikuwa mashtaka matupu: yeye hivi, yeye vile. Mwishowe maneno yakaniishia, nikalia tu.

Mhudumu mmoja alinisogelea. Nilipomweleza shida yangu, alichukua karatasi akachora namba 8. Akasema namba 3 na namba 2 ni safari moja. Wakati huo zilizunguka mji hivyo, zikibadilishana namba njiani. Kama ningebaki nimeketi, tramu ile ile ingenirudisha nyumbani.

Niliporudi na kuuona mnara wa mawe wa kanisa la Kallio, nilijua nimefika. Mume wangu alikuwa kituoni, kichwa wazi, theluji mabegani. Maneno makali nilikuwa nimeshayapanga mdomoni. Lakini alipoushika mkono wa kigari niliona vidole vyake vinavyotetemeka.

"Sikujua nikutafute wapi," alisema. "Mji huu hata mimi siujui. Najua njia ya chuo tu."

Jumamosi iliyofuata mimi ndiye niliyemtembeza. Tulipanda kivuko cha kwenda Suomenlinna, ngome iliyoanza kujengwa visiwani mwaka 1748. Ni safari ya robo saa hivi. Mimi nimekulia kwenye vivuko, lakini sikuwahi kupanda kinachopasua barafu. Ilivunjika chini yetu kwa mlio wa vyungu vinavyopasuka, na mtoto akacheka.

Hapo ndipo mume wangu aliponiambia alilokuwa amelificha: alikuwa amefeli mtihani, akaona aibu. Zile Jumamosi alikuwa akihangaika kuurudia. Nami nikamkiria kwamba nilikuwa nimewaza kuondoka. Hakujibu. Aliuchukua mkono wangu akautia katika mfuko wa koti lake, tukasimama hivyo mpaka kisiwani.

Mtihani aliurudia mwezi wa Mei, akafaulu. Baridi ile haikupungua kwa ajili yetu, lakini nyumbani tulianza tena kuzungumza.

Mama mwenzangu, simsemei mume anayepiga au kutesa. Huko tafuta msaada upesi. Nasema na wewe uliyenuna kwa sababu unangoja kutembezwa. Huenda anayepaswa kukuongoza naye amepotea, ila anaona haya kusema. Kabla hujashuka, muulize kwanza safari imefika wapi. Mimi nilishuka kwa hofu katika tramu iliyokuwa inanirudisha nyumbani.