Ratiba Isiyo na Kitanda

Ratiba ya safari ile iliandikwa na mtu anayelala nyumbani kwake kila siku. Jumatatu alfajiri, treni ya Dodoma. Mchana, kikao na wateja. Jioni, basi la usiku hadi Mwanza. Jumanne kutwa, kuzunguka maabara za hospitali. Usiku, meli ya Bukoba. Jumatano saa tatu asubuhi niwe nimesimama mbele ya watu, shati limenyooka, naeleza ubora wa vitendanishi vya kupimia sukari na figo. Malazi: hakuna. Kwenye safu ya gharama ndogondogo mhasibu alikuwa ameandika "chai/kahawa". Maana yake nilale humo.

Mtaani kwetu Temeke muuza kahawa huwa ameshawasha jiko watu wakitoka msikitini kuswali alfajiri. Birika lake limekalia mkaa, pembeni ndoo ya kusuuzia vikombe, na kashata za karanga kwenye sinia lililofunikwa nailoni. Ananijua kwa begi. "Leo wapi tena, bosi?" Nikamwambia Bukoba. Akacheka, akamimina. Kahawa chungu haina sukari. Utamu wake uko kwenye kashata, unang'ata kidogo, unapiga funda. Nilikunywa viwili vyenye tangawizi nikiwa nimesimama, bodaboda ananiita.

Baada ya miaka ya kazi hii nimejifunza kwamba kahawa ina saa zake. Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongo unazidi kujaa kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayoleta uzito wa usingizi. Kafeini haiiondoi. Inakaa tu kwenye nafasi ambazo adenosini ingeshika, kwa hiyo ubongo haupati taarifa. Uchovu wenyewe unaendelea kupanga foleni nje ya mlango, na kafeini ikiisha wote unaingia kwa mkupuo. Tena haiishi haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida, saa tano hivi baada ya kunywa nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana mimi, alasiri ikishaingia, sinywi kama nina tumaini lolote la kulala.

Treni ya umeme ilitufikisha Dodoma kabla saa nne hazijatimia tangu tuondoke Dar. Zamani safari hii peke yake ingekula siku. Ila nimegundua kwamba muda tuliookoa haukurudishwa kwetu. Ofisi iliuchukua, ikaujaza kikao kingine.

Ukumbini kulikuwa na chupa ya maji ya moto, pakiti za majani ya chai na sukari. Kahawa haikuwepo. Nchi hii ina arabika Kilimanjaro tangu wamisionari Wakatoliki walipoipanda Kilema mwaka 1898, na bado ukiomba kahawa kikaoni unaonekana una madaha. Siku hizi natembea na kopo langu la Africafe kwenye begi. Inatengenezwa na kiwanda cha TANICA kilichopo Bukoba, kwa hiyo katika safari ile nilikuwa narudisha kahawa kwao. Nikachota kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Jirani yangu, afisa manunuzi, akasogeza kikombe chake bila kusema neno.

Basi la usiku lilisimama Singida tukachimbe dawa. Abiria walikimbilia kuku wa kienyeji. Mimi macho yangu yalikuwa kwa dereva. Alienda moja kwa moja kwa kijana mwenye birika, akanywa vikombe viwili haraka haraka, kisha badala ya kurudi kwenye usukani akajilaza kwenye benchi la mama lishe, kofia usoni. Konda akawatuliza waliolalamika: "Mwacheni, dakika ishirini tu." Alipoamka alinawa uso, akapanda. Nilikuwa kiti cha mbele, nikamuuliza. "Kahawa ukiinywa haifiki papo hapo, kaka. Nalala wakati inakuja, naamka nayo." Hakuwa na haja ya kusoma popote: kafeini huchukua kama nusu saa kupanda sawasawa, na kausingizi kafupi kabla yake kanasaidia kuliko kahawa peke yake. Yeye alikunywa, mimi sikunywa, na kila mmoja alifanya sahihi. Nililala hadi Shinyanga, shingo imepinda.

Mwanza sina la kusimulia. Ni ngazi za hospitali, sahihi, na vikombe vya chai ya maziwa ambavyo huwezi kuvikataa bila kumuudhi mtu wa maabara.

Meli ni hadithi nyingine. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini 2020, sasa ina jina refu na nafasi ya abiria 1,200. Nilipata kiti. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kamachumu, amejifunga khanga mbili, kikapu miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi. Usiku kucha kila nilipofumbua jicho nilimkuta macho, taya zikisogea polepole.

"Mama, hulali?"

"Humu silali, mwanangu. Tangu ile ya tisini na sita."

Sikuuliza zaidi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, na watu wa Kagera wanaopanda meli usiku hawahitaji kukumbushwa.

Kulipoanza kupambazuka akafungua kifurushi cha jani kavu la mgomba, akanimwagia kiganjani punje kadhaa za kahawia iliyokolea. Hii ni kahawa ya kutafuna ya Wahaya: matunda ya robusta huchumwa yangali mabichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa. Mgeni hupewa hiyo kabla ya chochote. Buhaya walikuwa wakiitafuna zamani sana kabla ya Wajerumani, na wafalme ndio waliokuwa na kauli kuhusu nani aipande. Ganda linapasuka menoni kwa sauti ndogo, unakuja uchungu wenye harufu ya majani, halafu ulimi unakauka. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Tulipofika Bukoba nilikuwa naweza kuhesabu mabati ya mji mzima.

Mauzo yalikwenda vizuri. Saa kumi jioni mwenzangu wa kanda akazungusha funguo za gari kidoleni: tuondoke sasa, tupite Muleba, Biharamulo na Geita, usiku huu huu tuwe Mwanza. "Tutakunywa kahawa njiani." Zamani hata dereva mbishi alisimamishwa na kivuko cha Busisi, ukisubiri zamu, unasinzia kidogo upende usipende. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3, jambo jema kabisa, ila hakuna tena kinachomlazimisha mtu kusimama.

Nilikataa. Tukachukua vyumba gesti, tukaondoka alfajiri, na risiti nikaiwasilisha ofisini. Mhasibu aliirudisha akisema usiku ule haukuwemo kwenye ratiba. Ni kweli haukuwemo. Basi nyinyi mnaopanga safari za wenzenu, kahawa tutajinunulia wenyewe, tuandikieni kitanda.